Kutembelea Mumbai: mwongozo kamili wa siku tano kwa mgeni

Wengi wetu tunaofika Mumbai tumepelekwa na mojawapo ya mambo mawili: mgonjwa au mzigo. Anayemuuguza ndugu yake huijua njia ya hotelini kwenda hospitali, basi. Anayefuata vitambaa, vipuri au mashine huyajua maduka na ghala la kufungia mzigo. Katikati hubaki siku mbili tatu za kusubiri majibu ya vipimo au kontena, na siku hizo huishia mbele ya runinga ya chumbani. Mwongozo huu ni wa siku hizo. Ni wa yule anayekwenda kutembea tu pia, awe na familia au peke yake.

Jambo moja likikuingia akilini, mengine yatakuwa mepesi. Mumbai imekaa juu ya rasi nyembamba iliyonyooka kutoka kaskazini hadi kusini, Bahari ya Arabu ikiwa magharibi na bandari ikiwa mashariki. Zamani vilikuwa visiwa saba. Wareno walivitoa kwa Waingereza katika makubaliano ya ndoa ya Catherine wa Braganza na Mfalme Charles II, yaliyotiwa saini 1661, na baadaye maji yaliyokuwa katikati yakajazwa udongo kidogo kidogo. Kwa umbo hilo, mamilioni ya watu hubanana katika njia zilezile chache: asubuhi wanaelekea kusini, jioni wanarudi kaskazini. Mgeni anayepanga kwenda Juhu, kaskazini, asubuhi, Gateway, kusini, mchana na Bandra, kaskazini tena, jioni atashinda garini. Ukate mji vipande kuanzia kusini, umalize kipande kimoja kwa siku, na sehemu kubwa uitembee kwa miguu. Ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: nyaraka na msimu

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na baadhi ya nchi jirani wanaweza kuomba visa ya India kwa mtandao. Kuna ya utalii, ya biashara, ya matibabu, na ya anayemsindikiza mgonjwa. Omba ile inayolingana na safari yako, maana mwenye visa ya utalii akipelekwa hospitali kwa matibabu yaliyopangwa anajitafutia maswali. Ombi liwe limeingia angalau siku nne kabla ya safari, na kwa kweli ni bora wiki mbili. Angalia sana anwani ya tovuti: ya serikali huishia na gov.in. Kurasa nyingi zimetengenezwa zifanane nayo, na hukutoza mara mbili au zaidi kwa kazi unayoweza kuifanya mwenyewe kwa simu.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile cha rangi ya njano, pamoja na pasipoti, usikizamishe ndani ya sanduku kubwa. Anayetoka nchi yenye ugonjwa huo bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na karantini haijali kuwa una miadi na daktari.

Kuhusu msimu, mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu. Upepo wa kusi unaotuvukia sisi kuelekea kaskazini ndio unaoishushia Mumbai mvua, kuanzia Juni hadi Septemba, na Julai ndio mwezi mzito zaidi. Barabara hujaa maji, treni husimama, boti hufungwa. Aprili na Mei ni joto na jasho. Njoo kati ya Novemba na Februari, majira ya kaskazi, wakati ambapo zamani majahazi yalitoka huku kushuka Zanzibar na Mombasa. Mvua hakuna, na asubuhi kuna ubaridi wa kukuwezesha kutembea saa tatu mfululizo.

Kisha tazama kalenda ya wiki. Mapango ya Elephanta na ya Kanheri yote hufungwa Jumatatu. Ukiwa na Jumatatu katikati ya safari, iwe ndiyo siku yako ya mjini.

Saa za Mumbai ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Saa nilizotaja humu zote ni za huko, zimehesabiwa kwa Kiswahili.

Hatua ya pili: pa kulala, simu na fedha

Ukija kutembea, lala Colaba au Fort, kusini kabisa. Vyumba ni vidogo na bei iko juu, lakini utatoka mlangoni na kuanza kuona. Andheri, karibu na uwanja wa ndege, ni nafuu zaidi na inakufaa kama hospitali yako iko upande huo. Kabla ya kulipa, uliza hoteli swali moja: mnapokea wageni wa nje ya India? Hoteli inatakiwa kumsajili kila mgeni wa kigeni kwa mamlaka, na nyumba nyingi za bei ndogo hazina utaratibu huo. Ukifika kwao saa 6 usiku na masanduku yako, watakurudisha barabarani.

Laini ya simu inunue uwanja wa ndege kwa pasipoti na nakala ya visa yako. Kuhusu malipo, Wahindi hulipa kwa kupiga picha msimbo kwa simu, hata kwa muuza karanga, lakini mfumo huo kwa kawaida hutaka akaunti ya benki ya kwao. Kwa hiyo tembea na noti ndogo: za 10, 20, 50 na 100. Dereva wa teksi hana chenji ya 500, au atakuambia hana.

Hatua ya tatu: ujue usafiri kabla hujauhitaji

Bajaji unazozijua zimejaa hapa, na kampuni yenyewe ya Bajaj iko Pune, mji wa jirani. Lakini zina mpaka: haziruhusiwi kushuka kusini ya Bandra na Sion. Kusini ni teksi nyeusi zenye paa la njano. Zote mbili zina mita, na neno la kusema kabla hujaketi ni “meter”. Dereva akitaja bei badala ya kuwasha mita, mwache, chukua wa nyuma yake. Teksi za kuita kwa simu zipo pia, na usiku ndizo ninazozipendekeza.

Treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa yote mwaka 2025, wanayoiita laini ya 3, imebadilisha maisha ya mgeni. Inaanzia Aarey, inapita majengo yote mawili ya abiria ya uwanja wa ndege, T1 na T2, inagusa hekalu la Siddhivinayak, Mahalaxmi, kituo kikuu cha CSMT na Churchgate, inaishia Cuffe Parade. Ina kiyoyozi, na njiani haikutani na foleni.

Bado, usiondoke Mumbai bila kupanda treni zile za zamani za mjini, ambazo hubeba watu zaidi ya milioni saba kwa siku ya kazi. Laini ya magharibi huanzia Churchgate, ya kati huanzia CSMT. Kwenye ubao wa jukwaani utaona kituo cha mwisho, dakika zilizobaki, na herufi: S husimama kila kituo, F hukimbia na kuruka vituo. Panda kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 alasiri, au Jumapili. Asubuhi saa 2 hadi saa 5 usielekee kusini. Jioni kuanzia saa 11 usielekee kaskazini. Mwanamke apande behewa la wanawake, lenye picha ya mwanamke ubavuni. Mwanamume akipanda humo anatozwa faini. Tiketi ya daraja la kwanza ni ghali zaidi mara kadhaa, na viti si vya ajabu, ila watu ni wachache. Kuna pia tiketi ya watalii ya siku 1, 3 au 5, inayokuepusha na foleni za dirishani.

Sasa namna ya kushuka, maana hapo ndipo wageni hunasa. Anza kusogea mlangoni kituo kimoja kabla. Muulize aliye mbele yako kama anashuka kituo hicho. Asiposhuka atakupisha, huo ndio utaratibu wa humo ndani. Jukwaa hubadilika, mara liko kushoto mara kulia, na abiria wa kila siku wanajua, kwa hiyo fuata wanakogeukia. Na treni ya mbio iendayo Virar usiipande jioni kama unashuka Andheri au Bandra. Hiyo ni ya watu wa mbali, wamejipanga kwa safari ndefu, na mlango hautaupata.

Siku ya kwanza: kusini kwa miguu

Fika Gateway of India saa 1 asubuhi, kabla ya wapiga picha na wauza maputo. Ni lango la mawe ya manjano lenye urefu wa mita 26, lililochorwa na George Wittet kukumbuka kutua kwa Mfalme George V mwaka 1911. Mfalme mwenyewe hakuliona likiwa limekamilika, kwani lilifunguliwa Desemba 1924. Februari 1948 kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita chini yake kikipanda meli kuondoka. Nyuma yako ni hoteli ya Taj Mahal Palace, iliyofunguliwa 1903 na Jamsetji Tata, mojawapo ya sehemu zilizoshambuliwa Novemba 2008.

Simama kidogo uitazame bandari. Sayyid Barghash, kabla hajawa Sultani wa Zanzibar, aliletwa uhamishoni mji huu 1859 baada ya kushindwa kumpindua kaka yake, akakaa kama miaka miwili. Na 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hii na wenzake kuja kurekodi santuri za taarabu, mwanamke wa Kiswahili ambaye sauti yake ikarudi nyumbani ndani ya masanduku. Mimi naona mtu wetu akija hapa bila kulijua hilo anaondoka na nusu ya Gateway.

Tahadhari mbili za eneo hili. Mtu akikufunga uzi mkononi akisema ni baraka, atadai fedha. Na mama mwenye mtoto akikuomba umnunulie maziwa ya kopo dukani, mara nyingi kopo hilo hurudishwa kwa mwenye duka na fedha wakagawana. Ukitaka kusaidia, nunua chakula kilichopikwa.

Kutoka hapo ni dakika kumi kwa miguu hadi Kala Ghoda. Makumbusho ya Chhatrapati Shivaji Maharaj, yaliyofunguliwa 1922 na kuchorwa na Wittet huyohuyo, hufungua saa 4 na robo. Tenga saa mbili, uanze na sanamu za mawe za ghorofa ya chini. Karibu yake ni jumba la sanaa la Jehangir, kuingia ni bure, na sinagogi la rangi ya samawati la Keneseth Eliyahoo la 1884.

Saa 5 na nusu uwe nje ya kituo cha Churchgate, siku yoyote isiyo Jumapili. Hapo utawaona dabbawala, wabeba vyakula wenye kofia nyeupe. Huchukua chakula kilichopikwa nyumbani asubuhi hiyo na kukifikisha kwa mwenyewe ofisini, kazi iliyoanza 1890. Watazame wanaposhusha mbao ndefu zilizojaa vyombo na kuzipanga chini kando ya barabara. Kila chombo kina alama juu ya kifuniko: herufi, namba, rangi. Hakuna jina la mtu wala anwani. Alama zinasema chombo kimepandia kituo gani, kinashukia kipi, jengo lipi, ghorofa ya ngapi. Mikono inapita juu ya vifuniko, vyombo vinahama kutoka rundo hadi rundo, na baada ya dakika chache njia ni tupu, wote wameshapotea na baiskeli zao. Usisimame njiani mwao kupiga picha. Kaa ukingoni.

Baada ya chakula tembea kando ya Oval Maidan, uwanja wa wazi ambao vijana hucheza kriketi michezo kumi kwa pamoja. Upande wa mashariki umesimama mnara wa saa wa Rajabai, wenye mita 85, na Mahakama Kuu, majengo ya karne ya 19. Upande wa magharibi ni nyumba za miaka ya 1930 zenye kona za mviringo. Safu hizo mbili zikitazamana ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Nafasi ya kuzijenga mahakama na mnara ilipatikana gavana Bartle Frere alipoamuru kuta za ngome ya zamani zibomolewe miaka ya 1860. Ndiye Frere aliyekuja Zanzibar 1873 kumshinikiza Barghash, sasa akiwa sultani, afunge biashara ya watumwa, na Frere Town ya Mombasa ina jina lake. Wakazi wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Nasik, katika jimbo lililoitwa wakati huo Bombay, jina la zamani la Mumbai. Chemchemi ya Flora, hatua chache kutoka mahakamani, ilikusudiwa kupewa jina la Frere kabla haijapewa la mungu wa kike wa maua.

Malizia CSMT, kituo kikuu cha treni. F. W. Stevens alikichora, kikajengwa miaka kumi tangu 1878. Mbele yake simama upande wa pili wa barabara uinue macho: kwenye kuta kuna tausi, nyani, nyuso za watu wa makabila ya India, vyote vimechongwa kwenye mawe, na chini yake umati unapita bila kuinua kichwa. Ingia ndani pia. Ni kituo kinachofanya kazi, hakuna kiingilio kwenye ukumbi wa nje.

Kabla jua halijazama chukua teksi hadi Marine Drive, barabara ya ufukweni iliyopinda zaidi ya kilomita tatu. Kaa juu ya ukuta, na taa zitawaka mbele yako. Ukitembea kuelekea kaskazini utafika Chowpatty, penye vibanda vya bhel puri, mchanganyiko wa bisi za mchele na viungo, na pav bhaji, mkate na rojo la mboga. Hapo kula, usiogelee, maji ni machafu.

Siku ya pili: Elephanta, kisha masoko

Boti za kwenda kisiwa cha Elephanta hutoka Gateway kuanzia kama saa 3 asubuhi, na safari ni ya saa moja hivi. Panda ya kwanza. Tiketi ya kwenda na kurudi ni rupia mia mbili na kitu. Tunza kipande chako, utakidai wakati wa kurudi. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wengine wamelikalia.

Gatini kuna kitreni kidogo kinachokusogeza, halafu ngazi kama 120 katikati ya wauza shanga. Mzee asiyeweza kupanda hubebwa kwa kiti na vijana wa kisiwani. Patana bei chini kabla hajakaa. Kiingilio cha mgeni wa nje ni rupia 600, watoto chini ya miaka 15 bure. Usishike chakula mkononi, nyani watakinyang’anya, na chupa ya soda ndiyo wanayoipenda kuliko vyote.

Watu wengi hupita pango kubwa kwa dakika ishirini. Wewe kaa. Ukumbi mzima, nguzo na vyote, umechongwa ndani ya mwamba mmoja yapata karne ya 5 na ya 6. Mwisho kabisa, gizani, iko sanamu ya Shiva yenye nyuso tatu, karibu mita sita kwenda juu. Macho yako yakishazoea giza utaona uso wa katikati umefumba macho na kutulia kabisa. Wa kushoto kwako una masharubu na hasira, nyoka akiwa karibu yake. Wa kulia ni laini, wa kike, umeshika ua. Mchongaji hakuwa na nafasi ya kukosea, kwani jiwe likishatoka halirudi. Kaa upande mmoja, kisha uhamie mwingine, uone mwanga wa mlangoni unavyozigeuza hizo nyuso. Elephanta iliingia urithi wa dunia 1987, na kwangu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya Mumbai.

Rudi mjini saa 8 au 9, upumzike, kisha jioni nenda Crawford Market, soko la 1869 ambalo jina lake rasmi sasa ni la Mahatma Jyotiba Phule. Matunda, viungo, vipodozi. Nyuma yake Mangaldas ni vitambaa tupu, na Zaveri Bazaar ni dhahabu. Bei ya kwanza si bei. Tembelea maduka matatu kabla hujafungua pochi, na kwa dhahabu dai muhuri wa ubora na risiti. Jumapili maduka mengi ya jumla hufunga.

Ukivuka kuelekea kaskazini unaingia Mohammed Ali Road na Msikiti wa Minara. Chakula halali kipo kila hatua mbili: kebabu, nihari ya nyama iliyochemshwa polepole, malpua, chapati tamu iliyokaangwa mbele yako, firni ya maziwa na mchele ndani ya vyungu vya udongo. Mwezi wa Ramadhani mtaa huu haulali hadi daku. Beba mkoba wako mbele ya kifua.

Siku ya tatu: Haji Ali na kilima

Haji Ali ni msikiti na kaburi la walii Pir Haji Ali Shah Bukhari, tangu 1431, juu ya mwamba baharini. Njia ya kufika ni ukanda wa saruji usio na ukingo, na maji yakijaa unafunikwa wote. Kwa hiyo usiende kwa saa, nenda kwa maji. Tafuta jedwali la maji ya Mumbai la siku hiyo, ufike yakiwa yanakupwa, na siku za bamvua uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu aliyechelewa ndani hubaki ndani mpaka maji yatoke. Vua viatu, funika kichwa, mabega na miguu. Wanawake wana mlango wao, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 wanaruhusiwa kufika hadi kaburini sawa na wanaume. Alhamisi na Ijumaa umati ni mkubwa.

Kutoka hapo teksi fupi inakufikisha kituo cha Mahalaxmi. Juu ya daraja la kituo unaiona Dhobi Ghat yote, dobi la wazi lililojengwa mwaka 1890: mamia ya mabirika ya saruji, kila moja na jiwe lake la kupigia nguo, na juu kamba zilizojaa shuka za hospitali na sare za hotelini. Ni mahali pa kazi na pa kuishi. Tazama kutoka darajani, inatosha.

Mchana nenda upande wa Malabar Hill. Mani Bhavan, Laburnum Road, mtaa wa Gamdevi chini ya kilima, ndiyo nyumba aliyoitumia Gandhi kama makao yake ya shughuli za kisiasa tangu 1917 hadi 1934. Kuna maktaba, chumba chake, na vijumba vidogo vya wanasesere vinavyoonyesha maisha yake. Mtoto wa shule atavielewa bila kusoma. Malizia juu ya kilima, Banganga, birika la kale lililozungukwa na ngazi na mahekalu, mabata yakielea, mahali pa pekee kusini ambapo nimesikia mji ukinyamaza.

Siku ya nne: Bandra

Hapa utatumia bajaji. Mwombe teksi ya kutoka kusini ipite Sea Link, daraja la kilomita 5.6 juu ya bahari, lililofunguliwa 2009; bajaji na pikipiki haziruhusiwi juu yake. Bandra shuka Mount Mary, kanisa la kilimani ambalo Wahindu na Waislamu nao huja kuwasha mishumaa. Teremka kwa miguu hadi ufukweni, upite nyumba ya Shah Rukh Khan, iitwayo Mannat, ambayo utaitambua kwa umati wa wanaopiga picha getini. Mwisho wa barabara ni magofu ya ngome ya Wareno ya 1640. Ni watu walewale walioanza Fort Jesus ya Mombasa mnamo 1593, na ukiwa umeiona ile, hii itakuonyesha jinsi walivyoikamata bahari nzima kwa vituo vidogo vidogo. Jua likishuka, Sea Link iko mbele yako.

Kama una watoto, endelea hadi Juhu wakakimbie mchangani. Film City ya Goregaon ina ziara za kulipia, ila asiyefuatilia filamu za Kihindi hatapata kitu.

Dharavi, mtaa mkubwa wa mabanda, wengi huiulizia. Nenda iwapo tu unaongozwa na mkazi wa hapo, kwa kikundi kinachokataza kamera. Utaona ngozi zikishonwa, plastiki ikichambuliwa, na wafinyanzi wa Kumbharwada wakichoma vyungu. Kwenda peke yako ukiwa na simu mkononi ni kuwakosea watu adabu mlangoni kwao.

Siku ya tano: Kanheri

Ndani ya mji huu kuna msitu wenye chui. Hifadhi ya Sanjay Gandhi, kilomita za mraba zaidi ya 100, iko Borivali, laini ya magharibi. Asubuhi unakwenda kaskazini wakati mji wote unakuja kusini, kwa hiyo viti vipo. Kutoka getini hadi mapango ya Kanheri ni kilomita sita hivi, kuna basi. Mapango ni zaidi ya mia, yalichongwa na watawa wa Kibudha kuanzia karne ya 1 kabla ya Kristo. Ingia la 3, lenye safu za nguzo na dari ya mviringo. Kisha panda juu ufuate mifereji iliyochongwa mwambani kupeleka maji ya mvua kwenye visima vyao, ambavyo hadi leo hushika maji. Beba maji yako na viatu visivyoteleza.

Ukiwa na siku mbili za ziada

Nenda Murud-Janjira, ngome ya kisiwani kama kilomita 160 kusini. Watawala wake walikuwa Masidi, watu wenye asili ya Afrika, na Wamaratha, watawala wa bara la huku, hawakuwahi kuiteka hata walipojaribu tena na tena. Utawala wao uliendelea hadi 1948. Vuka kwa feri ya magari hadi Mandwa, halafu barabara, ulale Murud, na asubuhi chukua mashua ya tanga kutoka Rajapuri hadi mlango wa ngome. Wakati wa mvua haifikiki.

Siku ya kuondoka

Toka kusini muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka kama unatumia gari, au panda laini ya 3 hadi kituo cha T2 ukiwa na mizigo midogo. Askari mlangoni hamruhusu mtu kuingia jengoni bila tiketi na pasipoti, kwa hiyo tiketi iwe imeshafunguliwa kwenye simu au imechapishwa, na majina yalingane herufi kwa herufi. Wanaokusindikiza mwagane nje.